UCHANGANUZI: Kibali cha kuwinda garini si upendeleo

KATIKA majimbo mengi ya Marekani, kumpiga mnyama risasi ukiwa ndani ya gari ni kosa. Hata hivyo, jimbo la Michigan huwapa watu wenye ulemavu wa viungo kibali maalum cha kuwinda wakiwa garini, mradi gari liwe limesimama.

Wapo wanaonung'unika kwamba huko ni kumpa mtu nafasi ambayo wenzake wamenyimwa. Lalama hiyo haina mashiko. Kanuni yenyewe iliwalenga wenye miguu mizima, wasije wakamfukuza mnyama kwa nguvu za injini au kuhatarisha watu barabarani. Asiyeweza kutembea, anayengoja kulungu apite, hamfukuzi yeyote.

Mfano bora ni upinde wenye kifyatulio, ambao ukishavutwa hukaa vivyo hivyo bila kushikiliwa kwa nguvu za mkono. Kabla ya 2014, jimbo la Wisconsin liliuruhusu msimu wa pinde kwa wazee na wenye ulemavu pekee. Mwaka huo ukafunguliwa msimu wa upinde huo kwa kila mwenye leseni. Kilichohesabiwa kuwa kipengele cha huruma kikageuka chombo cha kawaida.

Texas ilikwenda mbali zaidi mwaka 2007, ilipopitisha sheria ya kuwaruhusu vipofu kulenga kwa mwanga wa leza, sharti waandamane na mtu anayeona. Nakiri nilitabasamu niliposikia habari hiyo mara ya kwanza. Lakini anayevumilia baridi ya alfajiri ili awe porini na nduguye hatafuti nyama tu.

Hapa kwetu uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, nami sioni sababu ya kuurejesha. Ajabu ni kwamba katika mbuga zetu karibu kila mgeni hutazama wanyama akiwa garini. Asiyetembea angalitarajiwa kuwa sawa na wengine. Kinachomkwamisha ni kidato kirefu cha kupandia gari, mlango mwembamba, na choo kisichoingilika kwa kiti cha magurudumu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Michigan ililazimika kulegeza sheria. Sisi tunahitaji fundi wa kuchomelea vyuma, atengeneze njia ya mteremko ya kupandishia kiti garini.