HOSPITALI ZIPIMWE KABLA YA MAAFA

Kila yatokeapo maafa katika nchi yetu twasikia maneno yale yale: waganga na wauguzi walikesha, wananchi wakajitolea damu, nasi twawashukuru. Shukrani hizo ni haki yao. Lakini bidii ya muuguzi mara nyingi hufunika upungufu ambao haukupasa kuwapo, na maadamu umefunikwa hautaondolewa.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukalipuka. Waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitalini siku zilizofuata, walizidi 100. Majeruhi walipokewa kwanza katika hospitali ya mkoa, na walio mahututi wakapelekwa Muhimbili, mwendo wa karibu kilomita 200.

Na tufanye hesabu ndogo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua nusu ya mwili wake, kwa kanuni itumiwayo sana na waganga, huhitaji lita 12 za maji ya mishipani katika saa 24 za kwanza, na nusu yake katika saa nane za mwanzo. Hizo ni chupa 24 za nusu lita kwa mtu mmoja. Wakija watu 40 wa namna hiyo, zatakiwa chupa 960, na kati ya hizo 480 zitumike kabla ya saa nane kupita. Hatumshitaki mtu kwa hesabu hii. Twauliza tu: ni hospitali ngapi zilizo kando ya barabara zetu kuu zenye chupa hizo stoo usiku huu? Na mwenye ufunguo wa stoo analala wapi?

Wako waipimao hospitali kwa idadi ya vitanda. Kipimo hicho kinafaa siku za amani. Mlipuko wa Nairobi wa tarehe 7 Agosti 1998 uliua watu 213 na kujeruhi wapatao 5,000, wengi wao kwa vipande vya vioo. Siku kama hiyo hakuna vitanda vitoshavyo popote duniani. Wenye majeraha madogo, ambao miguu yao ingali nzima, huwahi kufika na kuujaza ukumbi, na yule anayevuja damu ndani kwa ndani huletwa baadaye akakuta waganga wote wameshikwa. Kwa hiyo atakiwa mtu mmoja mlangoni, mwenye ujuzi na mamlaka, wa kuamua nani aingie kwanza. Mtu huyo hagharimu hata senti moja zaidi ya mshahara alio nao.

Jengo lenyewe nalo si la kuaminiwa hivi hivi. Katika mji wa Mexico, tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko liliangusha jengo la ghorofa 12 la Hospital Juárez, likawaua wagonjwa na waganga wao pamoja. Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Kagera ilitikisika tarehe 10 Septemba 2016. Shirika la Afya Duniani na tawi lake la Amerika walitoa mwaka 2008 kipimo cha usalama wa hospitali, ambacho hukagua uimara wa jengo, kisha vifaa, maji na umeme wake, kisha mipango ya watumishi, na kuipa hospitali daraja la A, B au C.

Tutaambiwa kwamba nchi maskini haina fedha za mambo hayo. Kuimarisha kuta ni gharama, hatukatai. Lakini kuwasha jenereta kila wiki, kuandika simu za watumishi ukutani, na kujua mtungi wa oksijeni una kiasi gani, ni kazi za mikono na macho.

Twapendekeza basi kila hospitali ya wilaya ifanyiwe jaribio mara moja kwa mwaka, usiku wa Jumapili, wala asiarifiwe mtu ila mganga mkuu. Waletwe vijana 30 waliopakwa rangi nyekundu, na saa ihesabiwe. Ripoti isomwe kwanza mbele ya madiwani, kabla hawajapitisha bajeti, nao waulizwe jenereta ilichukua dakika ngapi kuwaka.