Tujenge remoki ya frigoliti kipwa hiki, mbele ya joto la mwezi wa tisa



Mwezi wa sita umefika. Asubuhi tunatoka na makoti, watoto wanakimbilia mbabula, na mahindi yamekwisha kuingia gudulia. Ni kipindi ambacho wengi wetu tunasema hakuna kazi kubwa ya shamba, isipokuwa kumwagilia bustani za mabondeni. Sisi watu wa kilimo tunaona tofauti. Tunaona kwamba hii miezi miwili ya baridi ndiyo wakati wa kazi moja ambayo tunaiahirisha kila mwaka: kujenga kigari cha kubebea mboga, chenye kuta za frigoliti, cha kuvutwa na pikipiki. Tunakiita remoki ya frigoliti.

Tuanze na shida yenyewe. Mama anavuna nyanya saa nne za asubuhi, jua limekwisha kupanda. Anafunga mzigo juu ya pikipiki ao kinga, anapita vumbi na mashimo ya njia, anafika sokoni Kolwezi saa nane. Mnunuzi haongei mingi. Anabonyeza nyanya moja kwa kidole gumba, anaangalia jua, anasubiri. Anajua kwamba saa kumi mama atauza kwa bei yoyote, sababu kesho ile nyanya haitakuwa tena nyanya. Mbegu, mbolea, maji ya kubeba kichwani miezi mitatu, vyote vinaamuliwa na saa nne za njia.

Na walaji hawakosekani. Angalieni Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya kiwanja cha mkaaji mmoja, na kisha viwanja vingi viligeuka mashimo. Fasi palikuwa lengalenga na mpapai nyuma ya nyumba, sasa pana shimo na turubai. Watu wale wanakula bukari kila siku kama sisi, na mboga ya kusindikiza bukari wanainunua. Soko liko. Kinachotupotea kinapotea njiani.

Wazo la kigari hatukulitoa kichwani mwetu tu. Huko Marekani na Kanada kuna watu ambao, wakati wa baridi yao kali, wanajifungia katika karakana nyumbani na kujijengea kijumba cha kukokotwa na gari, cha kulalia wakienda matembezi porini. Wengine hawatumii chuma wala mbao nzito kwa kuta. Wanachukua mabamba ya povu gumu, wanayaunganisha kwa kola, wanayafunika kwa kitambaa cha turubai kilicholowa kola, kisha wanapaka rangi. Povu peke yake linavunjika kwa mkono, na kitambaa peke yake kinapinda. Vikigandamana, vinafanya ukuta mwepesi na mgumu, usiopitisha joto upesi. Wao wanataka kulala bila baridi. Sisi tunataka nyanya isafiri bila joto. Ukuta ni ule ule.

Frigoliti ni hewa iliyofungwa katika vitundu vidogo sana, na hewa iliyotulia inapitisha joto polepole. Sentimita 5 za frigoliti zinazuia joto karibu sawa na ubao wa unene wa sentimita 15. Fikirieni pikipiki inayovuta sanduku la mbao za sentimita 15!

Hapa lazima tuseme ukweli juu ya kosa letu. Sanduku la kwanza tulilolijenga na wanachama lilikuwa zuri kwa macho. Tulilipaka rangi, tukapiga picha. Kisha tukajaza nyanya zilizovunwa saa sita za mchana, tukafunga kifuniko vizuri sana, tukaenda nazo sokoni. Tulipofungua, mvuke ulitoka. Nyanya zilikuwa zimelowa na zina joto kuliko zile zilizosafiri juu ya baiskeli. Kesho yake nyingi zilikuwa na ukungu. Mama mwenye mzigo alituangalia akasema: «Hii haiko frigo. Hii ni sanduku ya kuzikia nyanya zetu.» Alikuwa na haki, na hasara ilikuwa yake, haikuwa yetu. Mshahara wetu mwezi ule haukupungua hata franka moja. Ndiyo maana tunaandika haya: kusudi koperative nyingine isilipe tena kosa lile.

Kosa lilikuwa wapi? Frigoliti haitengenezi baridi. Inatunza kile ulichokiweka ndani. Ukiweka baridi, inatunza baridi. Ukiweka joto, inatunza joto. Tena nyanya na majani ni vitu vinavyopumua hata kisha kuvunwa, na pumzi yao inatoa joto na maji. Kila joto likipanda digrii 10, kuharibika kunaenda mara mbili, hata mara tatu upesi zaidi.

Kumbe dawa haikuwa kununua mashine. Dawa ilikuwa saa ya kuvuna. Tukivuna alfajiri, ao tukivuna jioni na kuacha nyanya zilale nje juu ya kitanda cha miti, chini ya kitambaa chepesi, usiku wa kipwa unafanya kazi ya frigo bure. Kolwezi iko juu, karibu metre 1400 na zaidi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba sote tunaujua. Asubuhi, mbele ya jua, tunajaza sanduku na kufunga. Tumepiga hesabu kwa sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 120 kwa 80, kimo 60, kuta za sentimita 5: kilo 100 za nyanya zilizoingia zikiwa baridi, kwa njia ya saa 4, zinapanda joto digrii 2 hivi tu, kama kifuniko kinafunga vizuri. Nyanya zenyewe ndizo barafu.

Mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapokuwa kali na usiku hautusaidii sana, barafu itaombwa. Hesabu ni hii: kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inaweza kushusha joto la kilo 8 za nyanya kwa digrii 10. Lakini nyanya haipendi baridi kali. Chini ya digrii 10 inapoteza utamu na inaoza vibaya baadaye, basi barafu isigusane nayo. Kwa samaki wa ziwa Nzilo hesabu inabadilika kabisa: samaki anataka barafu ya kumzunguka, kilo moja kwa kilo moja, na sanduku lake peke yake. Sanduku la samaki halibebi mboga.

Sasa namna ya kujenga. Inaomba fundi wa kuchomelea chuma, fundi mbao, na mtu mwenye mkono wa kushona. Watu hawa tuko nao. Vijana wengi walijifunza kuchomelea na kutengeneza pikipiki pembeni ya mashimo, na wengine wangependa kazi isiyo ya kushuka chini ya ardhi.

Chuma kinachomelewa kwanza, kinapoa, ndipo frigoliti inaletwa. Frigoliti inashika moto upesi na moshi wake mweusi ni sumu. Msichomelee kamwe karibu nayo, na msiichome takataka zake. Kwa kuigandisha, tumieni kola nyeupe ya mbao. Kola yenye harufu ya petroli inaiyeyusha mbele ya macho yenu.

Ni heri kuweka tabaka mbili za sentimita 2 na nusu kuliko moja ya 5, sababu mnaweza kupishanisha maungio, hewa isipate njia. Nje, turubai yenye kola na rangi nyeupe: nyeupe inarudisha jua. Ndani, bati laini ao plastiki safi inayooshwa. Mlango uwe juu, si pembeni. Hewa baridi ni nzito: ukifungua juu inabaki, ukifungua pembeni inamwagika kama maji. Ukingo wa kifuniko uzungushiwe mpira wa ndani wa gurudumu la zamani. Chini mtoboe tundu lenye kizibo, maji ya barafu yatoke. Mzigo uwe mzito kidogo mbele ya ekseli, kusudi remoki isiyumbe. Na dereva aende polepole kwenye mteremko, sababu remoki inamsukuma.

Kisha jaribuni mbele ya kubeba mali ya mtu. Saa nne za asubuhi wekeni kilo 5 za barafu ndani ya mfuko, fungeni, wekeni sanduku kivulini. Saa nane pimeni tena. Kama karibu nusu imebaki, mmefanya kazi nzuri. Kama yote imekwisha, hewa inapita fasi fulani, itafuteni.

Tunaongeza maonyo mawili ya hapa kwetu. La kwanza: msitumie bidoni za asidi wala mifuko iliyobeba madini. Tunajua ni rahisi kupata na ni migumu, lakini vumbi la kobalti na shaba halionekani likiwa juu ya lengalenga, na asidi haitoki kwa kusafisha mara moja. Mlaji wa mboga ile ni mtoto wa mtu, pengine wako. La pili: kijana mmoja alituuliza kama anaweza kulala ndani ya sanduku usiku akilinda bustani, sababu mle ni pa joto. Hapana. Vile vijumba vya Marekani vina madirisha na matundu ya hewa. Sanduku letu tumelifunga makusudi. Na mtu akiingiza mbabula ndani, hataamka.

Tunajua neno ambalo wengine watasema: «Kwa nini mashirika yasitupe kamyo ya frigo?» Tunafanya kazi katika shirika, basi tujibu bila kujificha. Kamyo ya frigo inataka mazutu kila siku, fundi wa gesi, na vipuri vya mbali. Ikikufa, inakufa mzima. Tumeona mashine nzuri zikigeuka kiota cha kuku. Remoki ikivunjika, fundi aliyeijenga yuko mtaa wa pili. Sisi tunaweza kusaidia kwa ramani ya vipimo, kwa kupima joto, kwa kuleta mafundi wa koperative mbili wakutane. Lakini tukiwapa remoki iliyokwisha kujengwa, tutakuwa tumewapa sanduku tu, bila akili ya kulirekebisha.

Kingine ambacho hakitengenezwi kwa kola ni hiki: remoki ni ya nani? Tumeona chombo cha wote kikilala kila siku kwa nyumba ya prezida, na mwishowe kikibeba makaa ya shemeji yake. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa mwaka 2010, inasema koperative inaongozwa na wanachama kwa njia ya kidemokrasia. Basi mbele ya kununua msumari wa kwanza, mkutano uamue na katibu aandike: remoki inalala wapi, nani anashika ufunguo, mwanachama analipa franka ngapi kwa safari, na pesa ile inaingia kasa gani ya matengenezo. Wamama ndio wengi sokoni. Wawe pia wengi katika kamati hiyo.

Msianze na kubwa. Jengeni moja kwa koperative moja, ijaribiwe mwezi wa saba na wa nane, njia zikiwa kavu na baridi ikiwa mshirika wenu. Makosa yote yatokee wakati huo, yakiwa ya bei ndogo. Mwezi wa tisa joto litakuja, na mnunuzi atabonyeza tena nyanya kwa kidole gumba. Tunataka siku hiyo nyanya iwe ngumu, na mama aweze kumwambia: kama bei haikufai, nitauza kesho.

Yule mama wa sanduku la kwanza tumemwomba awe mtu wa kwanza kupakia katika remoki mpya. Amekubali, lakini ameweka sharti: saa ya kuvuna ataichagua yeye. Amechagua saa kumi na moja za alfajiri. Sisi tutakuwa pale, na makoti yetu.