Mradi umeenda, stika imebaki: mashini hii ni ya nani?

Ukiingia katika biro ya zoni ya afya huku mashariki mwa Congo, tazama mashini zilizo juu ya meza. Kabla ya kuona jina la zoni, utaona stika. Juu ya mfuniko kuna nembo ya mfadhili. Pembeni yake kuna nembo ya shirika lililoendesha mradi, na chini jina la mradi wenyewe. Ukifungua, karibu na mahali pa kuandikia, utakuta stika ndogo za watengenezaji: Intel, Windows. Mashini moja inabeba majina manne au matano. Jina linalokosekana ni la zoni ya afya, ile inayoitumia kila siku.

Wengine watasema stika ni jambo dogo, kwamba kuna vita, kuna njaa, kuna barabara mbovu. Lakini stika ndiyo inayoambia watu kitu ni cha nani, na huku kwetu kitu kisichokuwa cha mtu hakitunzwi na mtu.

Uliza kwa nini mashini imelala kabatini toka miezi. Jibu ni lile lile: "Ile ni ya mradi." Betri imekufa, na bei ya betri haifikii bei ya mbuzi mmoja. Zoni ingeweza kuitafuta. Lakini hakuna anayethubutu kutoa pesa ya zoni kwa kitu chenye jina la mwingine, na mwingine huyo alishafunga biro akaenda. Basi mashini inangoja mwenyewe asiyerudi.

Wanaoumia ni wagonjwa. Congo ina zoni za afya 519, na kila moja inapaswa kutuma hesabu za kila mwezi kwa programu ya DHIS2: wagonjwa wa malaria, watoto wa surua, akina mama waliojifungua, waliokufa. Mashini ikikosekana, karatasi zinarundikana, na anayetakiwa kuona kwamba surua inapanda katika kijiji fulani anaiona ikiwa imeshapita. Mtoto hatapona kwa sababu mfuniko wa mashini una nembo nzuri.

Tuelewe kwanza stika hizi zinatoka wapi. Ile ndogo ya Intel si cheti cha ubora. Kampuni hiyo ilianza mpango wake mwaka 1991: mtengenezaji wa mashini aliyeonyesha nembo yake alirudishiwa sehemu ya pesa za matangazo. Ni tangazo la biashara, na limelipiwa. Stika ya mfadhili nayo ina sababu yake. Umoja wa Ulaya unaandika katika mikataba yake kwamba nembo yake ionekane. USAID nayo ilikuwa na sheria yake, na maneno yake yanajulikana hadi vijijini: kutoka kwa watu wa Marekani. Walipa kodi wa kule wanataka kujua pesa yao imefika wapi. Hiyo ni haki yao, na anayepewa anapaswa kushukuru.

Ila shukrani ni kitu kimoja, na kumilikiwa ni kitu kingine. Mwezi wa kwanza wa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 mwezi wa saba mwaka ule USAID ikaacha kabisa kuendesha misaada. Miradi ilifungwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Stika hazikupata barua ya kusimamishwa kazi. Bado ziko juu ya mashini, zikitangaza mwenye nyumba aliyehama.

Kuna ubaya mwingine. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, raia wengi walisema ugonjwa ule ni biashara ya mashirika. Uvumi ule ulikuwa na sababu nyingi, na stika peke yake haikuuzaa. Lakini mkaaji ambaye kila chombo anachokiona hospitalini kina jina la mgeni, atajifunzaje kwamba hospitali ni yake?

Watetezi wa stika wana jibu: nembo inazuia wizi. Tusidanganyane. Stika inabanduka kwa ukucha na maji ya moto kidogo, na siku ile ile mashini ya zoni inakuwa mashini ya mtu, iko nyumbani kwa mkubwa au sokoni. Mradi unapofungwa, mashini isiyo na namba ya zoni haina ushahidi wowote kwamba ilikuwa mali ya raia.

Kinachozuia wizi ni vitu viwili visivyo na rangi nzuri. Kwanza, namba iliyochongwa kwenye mashini yenyewe, pamoja na jina la zoni na mwaka ilipopokelewa. Fundi wa mtaani anaichonga kwa dakika chache. Pili, daftari la mali linaloandika namba ile, nani aliitoa, nani anaitumia, na karatasi ya makabidhiano iliyosainiwa na pande zote mbili. Daftari hilo lisomwe mbele ya CODESA, kamati ya wakaaji katika kila eneo la afya, angalau mara mbili kwa mwaka. Mfadhili akitaka jina lake libaki, liandikwe humo. Halitabanduka.

Wafadhili nao waanze upande wao. Makabidhiano yasingoje wiki ya mwisho ya mradi, wakati kila mtu anatafuta kazi nyingine. Yafanyike siku mashini inapofika. Na stika yao, kama lazima iwepo, ikae chini ya jina la zoni.

Madaktari wakuu wa zoni wasitafute kisingizio. Kuchonga namba hakungoji ruhusa ya Kinshasa wala ya Washington. Anayeacha mashini za zoni yake bila jina huku mradi unafungwa, asishangae kesho zikikosekana, na asiwaambie wakaaji kwamba wafadhili ndio waliondoka nazo.

Aliyetoa alishatoa. Kilichobaki ni aliyepokea kukubali kwamba amepokea, na kununua betri.