Kabla Ununue Betri Ingine, Lipa Mtu Apime

Nitasema hii kitu na najua mafundi na wenye pikapu watanikasirikia kwa pamoja. Kenya hii tunatoa zaidi ya shilingi 10,000 kwa betri bila kulalamika, halafu fundi akisema kupima ni 1,500 tunamwona mwizi. Ndiyo maana kuna pikapu kuukuu nyingi zina betri mpya kabisa na bado kila asubuhi zinasukumwa.

Unajua ile hali. Jana jioni gari ilizimwa ikiwa poa. Asubuhi unageuza ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, stata inalia tik tik tik, kimya. Unaita majirani. Kusukuma dizeli ya zamani ni kazi ya wanaume wanne na mteremko, na aibu juu. Ikishika inatembea siku nzima bila shida yoyote. Unaipeleka kwa duka la betri, wanaweka kile kipimo chao, kinasema betri mbovu. Unanunua ingine. Wiki tatu mambo sawa. Wiki ya nne, tik tik tik.

Hapo ndipo watu hupotezwa, na sio kwa ujinga. Kipimo cha dukani kilisema ukweli, betri ilikuwa imekufa. Lakini betri haikujiua. Kuna kitu kwa hiyo gari kinakunywa umeme usiku mzima wakati kila mtu amelala, na betri ya kawaida ya gari haikuundwa kumalizwa hadi chini kila mara. Kila ikimalizwa, salfeti inaganda kwa sahani za ndani na uwezo wake unapungua. Kwa hivyo ile mpya nayo itauawa vile vile, ni vile tu ina nguvu ya kuvumilia siku kadhaa. Ni kama kubadilisha tenki la maji na mfereji bado unadondoka.

Sasa, gari yoyote iliyolala hukunywa kidogo. Saa, kumbukumbu ya redio, alamu. Mafundi wengi huchukulia miliampea 50 kama mpaka, na pikapu ya miaka ya 90 ambayo haina kompyuta za kusema inafaa kuwa chini ya hapo. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 70 itakaa wiki nzima na bado iwashe. Nusu ampea sasa ni hadithi ingine: hiyo ni ampea-saa 12 kila siku, na ukiegesha siku tatu nusu ya betri imeenda. Kumbuka pia dizeli baridi inahitaji hita plagi kabla ya stata, na hizo hazina huruma na betri iliyochoka.

Anko wangu ako Kinangop na Hilux ya injini ya 3L. Anapeleka kabeji soko la Nairobi mara mbili kwa wiki. Anarudi Jumanne mchana, anaegesha, anataka kuwasha Ijumaa saa nane usiku, kwa baridi ile ya huko. Ikikataa kuwaka hiyo saa, anapata mtu wa kumwashia saa kumi na moja, anafika soko wanunuzi wameshajaza magari, na kabeji inauzwa kwa bei ya huruma. Alibadilisha betri mbili ndani ya miezi minne. Halafu akaambiwa ni alteneta, akaweka ya mitumba kutoka kwa gari ingine. Na alteneta ya hiyo injini imebeba pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, kwa hivyo kuibadilisha si kufungua mikanda na bolti mbili tu. Yote hayo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeweka mita kwa hiyo gari.

Aliyeiweka mwishowe ni dada mmoja fundi wa waya, rika langu. Mimi nilishika tochi na simu. Mita ilisoma ampea 0.68, gari imezimwa, milango imefungwa. Piga hesabu: kutoka Jumanne mchana hadi Ijumaa saa nane usiku ni saa 62, kwa 0.68 hiyo ni ampea-saa 42. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kuzidisha nilitoka nako.

Vile alifanya ndiyo nataka mjue, kwa sababu haina uchawi.

Alianza na betri kujaa. Ikiwa imejaa na imepumzika inafaa kusoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo wakati injini inafanya kazi, shida yako ni kuchaji, shughulikia hiyo kwanza. Kisha akazima kila kitu, akatoa ufunguo, akafunga milango. Mlango ukibaki wazi, taa ya ndani itakudanganya, kwa hivyo ama unafunga ama unabana ile swichi ya mlango. Akatoa kebo nyeusi ya hasi kwa betri.

Kabla ya mita, aliweka balbu ya indiketa, ya wati 21, kati ya kebo na nguzo ya betri. Hii ni hekima ya zamani na inaokoa mita. Balbu ikiwaka kali, kuna mkondo mkubwa, pengine taa imebaki ikiwaka au rilei ya hita plagi imeshikana, na mita yako ingeungua. Ikiwa hafifu au haiwaki, sasa weka mita: waya nyekundu kwa tundu la 10A, kisoma ampea za DC, mita ikae katikati kama daraja. Na hapa sikiliza vizuri. Mita ikiwa hapo, usiguse ufunguo. Usijaribu kuwasha. Stata ya dizeli inavuta mamia ya ampea, na zile mita za bei rahisi, ambazo hata hazifiki 1,000, mara nyingi tundu la 10A halina fyuzi ndani. Ukiwa na alamu au traka, ngoja kama dakika 20 hadi vifaa vilale, ndiyo usome namba ya ukweli.

Baada ya hapo ni kutoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Unatoa, unaangalia, unarudisha. Ile ambayo ukiitoa namba inaanguka, umepata njia ya mwizi. Kwa gari ya anko, fyuzi zote zilitoka na namba haikusonga. 0.68, 0.68, 0.68. Watu wengi hukata tamaa hapa na kusema mita ni mbovu. Kumbe hiyo pia ni jibu: kinachokunywa hakipiti kwa boksi ya fyuzi. Mshukiwa wa kwanza hapo ni alteneta, kwa sababu ile waya yake nene iko na umeme wa betri saa zote, na diodi ndani zikiharibika umeme unarudi kinyume. Akaondoa betri kabisa, akafungua ile waya nene, akaifunika na tepu, akarudisha kipimo. 0.68. Yaani hata ile alteneta ya zamani ya anko ilifukuzwa kazi bila kosa.

Ndio akaangalia kichwa cha chanya cha betri. Kulikuwa na waya nne nyembamba pale ambazo hazikutoka na Toyota. Moja ya spotilaiti. Moja ya redio. Moja ya traka, iliyowekwa na watu wa mkopo wa logibuku ambao anko alimaliza kulipa zamani. Moja ya alamu ya mwenye gari wa kwanza, ambayo hakuna mtu alijua bado iko. Alipotoa ya alamu, mita ikaanguka hadi 0.07. Traka ikatoka, ikabaki 0.01. Ile boksi ya alamu ilikuwa chini ya dashibodi, maji yameingia, rilei imeshikana. Ukiishika ilikuwa na joto. Gari imezimwa siku nzima na kuna kitu kina joto ndani yake, na waya yake haikuwa na fyuzi hata moja. Hiyo si betri tu, hiyo ni gari inaweza kuungua ikiwa imeegeshwa kando ya nyumba.

Haikuchukua hata saa mbili. Alisema 1,500. Anko, ambaye namheshimu sana, akauliza, "Sasa umeweka spea gani?"

Na hiyo ndiyo vita yangu na nyinyi. Fundi akiona tunalipa spea tu, atatuuzia spea. Wewe ungefanya nini? Akikaa saa mbili akitoa fyuzi utamwambia ameshika tu waya. Akikuuzia betri anapata kitu kidogo kutoka dukani na unamshukuru. Sisemi mafundi wote ni malaika, kuna wengine hata mita hawana na wanakwambia "hii ni betri" wakiwa bado barabarani. Lakini biashara ya kubahatisha tumeijenga sisi wateja.

Kuna mchezo mwingine unaniudhi zaidi, ule wa kuchomoa kebo ya betri injini ikinguruma "kuona kama alteneta inachaji." Kwa magari ya dinamo ya kina babu labda. Kwa alteneta, ukichomoa betri volti inaweza kuruka juu ghafla na kuua diodi au regyuleta. Yaani unaweza kuja na gari nzima uondoke na ugonjwa wa kukunywa betri ambao hukuwa nao. Volti unapima na mita, dakika moja.

Najua jibu la wazee: "Si unatoa kebo tu usiku, asubuhi unarudisha." Wengi wanalala na spana namba 10 karibu na mto. Sawa, kwa gari ya shamba inayokaa mwezi mzima, weka swichi ya kukata, sina neno. Lakini kwa gari ya kazi, kufungua na kufunga kila siku kunalegeza vichwa vya betri, vikilegea vinapiga cheche na kuleta kutu, na unaanza kusaka shida ya pili. Na mchana ukiegesha sokoni unasahau kutoa.

Kama huna pesa ya fundi leo, kuna vitu vya kuangalia bure. Usiku, zunguka gari yako giza ikiwa imezimwa. Gari nyingi kuukuu zina kipande kidogo cha mpira au plastiki kwenye pedali ya breki, kinachobonyeza swichi ya taa. Kikizeeka kinavunjika, taa za breki zinawaka usiku kucha, na kama umeegesha nyuma ikiangalia ukuta huwezi kujua. Balbu mbili za wati 21 ni ampea 3.5, kabla ya asubuhi betri imeisha. Angalia taa ya kidroo cha dashibodi. Jaribu kama ufunguo unachomoka kabla haujafika mwisho, kwa sababu swichi zilizolika huachilia ufunguo na redio bado ina umeme. Chomoa ile chaja ya simu. Halafu hesabu waya nyembamba kwenye kichwa cha betri, na kwa kila moja uliza nani aliiweka na fyuzi yake iko wapi.

Kwa fundi, swali ni moja: "Inakunywa ngapi?" Akuonyeshe namba kabla aguse kitu, na namba baada ya kumaliza. Piga picha zote mbili. Namba ya kwanza ikiwa 0.02 na bado betri inakufa, hapo kweli nenda kanunue betri. Ikiwa 0.68, hakuna betri ya dunia hii itakusaidia, na yule aliyekuonyesha hiyo namba mlipe hata kama hakuweka spea.