Mwambie mwenye duka bei ya Discogs

Haya wasomaji wangu, leo siandiki kuhusu lugha za programu wala simu mpya. Naandika kuhusu santuri, zile sahani nyeusi ambazo wazee wetu walizipiga kwa sindano. Msikimbie! Mtaona kwamba hii nayo ni habari ya data: nani anayo, nani hana, na aliye nayo anamtendeaje asiye nayo.

Nautaja msimamo wangu mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Ukiingia duka la santuri kuukuu Kitale au Bungoma, na simu yako inakuonyesha kwamba santuri uliyoishika huuzwa bei fulani Ulaya, mwambie mwenye duka kabla hamjaanza kupatana. Mwambie yote. Usipomwambia, wewe si mkusanyaji. Ni dalali mwenye intaneti.

Kwanza, jazz ya kwetu

Kwa wageni wa mambo haya: neno Jazz kwenye santuri zetu si jazz ya Duke Ellington. Hapa Afrika Mashariki lilikuwa jina la fahari la bendi ya dansi. Ndiyo maana tuna Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, tuna Tabora Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz, zote za Tanzania. Upande wa Ziwa tuna Victoria Jazz, na Shirati Jazz ya D.O. Misiani, waliopiga benga. Mtu anayetafuta jazz adimu huku Magharibi mwa Kenya anatafuta hizo, na akizikosa anatafuta magitaa ya Waluhya: George Mukabi aliyefariki 1963, Daudi Kabaka, Sukuma bin Ongaro na wenzao.

Nyingi ya santuri hizi zilitengenezwa Nairobi. Ni zile ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na sehemu ya pili upande B, na wapenzi wa benga wanajua kwamba huko upande wa pili ndiko magitaa huachiwa. Hata bendi za Tanzania zilivuka mpaka kuja kurekodi Nairobi, akiwemo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huku Kenya mwaka 1979.

Kisha kaseti zikaja, hasa zile za kunakiliwa bila ruhusa, na katika miaka ya 1980 soko la santuri likaanguka. Duka la santuri likawa duka la kaseti, baadaye la CD, na siku hizi ni kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu. Santuri zenyewe hazikutupwa zote. Ziko kwenye katoni nyuma ya kaunta, kwa fundi wa redio, au chini ya kitanda cha mzee fulani ambaye mwanawe ameanza kuuza vitu vya nyumbani kimoja kimoja.

Huko nje nako watu wamezikumbuka. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 zilizotolewa hapa kwetu, na mwaka 2016 ikatoa wa pili. Tangu hapo mtu wa London au Tokyo anayetaka ile santuri ya kwanza kabisa, si nakala, yuko tayari kuilipia.

Bei inakaa wapi?

Inakaa Discogs. Tovuti hii ilianzishwa mwaka 2000 na programa wa Marekani, Kevin Lewandowski, aliyetaka kuorodhesha muziki wa elektroniki. Leo ni hifadhidata ya mamilioni ya matoleo, yaliyoingizwa na watumiaji wenyewe, na juu yake kuna soko. Toleo likishauzwa hapo unaonyeshwa bei ya chini kabisa, ya katikati na ya juu kabisa.

Lakini hifadhidata yoyote inataka ufunguo. Ufunguo wa santuri ni namba ya katalogi iliyochapwa kwenye lebo, yaani kile kibandiko cha mviringo cha katikati, pamoja na namba ndogo iliyokwaruzwa kwenye plastiki pale mifereji inapoishia. Wimbo uleule unaweza kuwa umetolewa mara mbili, na toleo moja likawa na thamani mara kumi ya lingine. Tena kuna madaraja ya hali: santuri isiyo na mkwaruzo na santuri iliyochezwa kila Krismasi kwa miaka ishirini hazilingani bei hata kidogo.

Sasa mtazame mwenye duka. Ana simu, ndiyo. Pengine ni nzuri kuliko yangu. Lakini hajui kwamba tovuti hiyo ipo, hajui ufunguo ni upi, na hajui madaraja. Kuwa na intaneti si kuwa na habari. Sisi tunaotengeneza programu tunapenda kusahau hilo.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alisema muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui, na hali hiyo inaliharibu soko zima. Kwenye duka la santuri mambo yamepinduka. Mnunuzi ndiye anayejua, muuzaji hajui. Na soko huharibika vilevile, nitaeleza chini.

Tunawajua madalali

Hapa ndipo ninapowashangaa watu wa kwetu. Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi. Hakuna mtoto wa huku asiyejua dalali anavyoingia wakati wa mavuno na lori lake, akijua bei ya Nairobi, huku mkulima akijua tu kwamba ada ya shule inatakiwa Jumatatu. Tumelalamika miaka yote.

Tena tekinolojia ilijaribu kusaidia. Shirika la KACE, lililoanzishwa 1997, lilisambaza bei za mazao kwa SMS, na likashirikiana na redio ya West FM ya Bungoma katika kipindi cha Soko Hewani, ambapo wauzaji na wanunuzi wa mazao walitangaziwa hewani. Wazo lilikuwa moja: mkulima ajue bei kabla dalali hajafika. Sijawahi kusikia mtu akisema wazo hilo ni baya.

Basi inakuwaje kijana huyohuyo, mtoto wa mkulima huyohuyo, anapanda matatu kutoka Kitale, anapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye mpaka Bungoma, anatoa shilingi mia moja kwa santuri anayojua itamletea maelfu, halafu anarudi akijisifu kwamba "ameokota"? Gunia likigeuka kuwa santuri, udalali unageuka kuwa werevu?

Majibu kwa wanaobisha

Wa kwanza husema: biashara ni maelewano, yeye ametaja mia, mimi nimelipa mia, nani kaibiwa? Namjibu hivi. Maelewano ni ya watu wawili wanaojua wanachoelewana. Mzee anadhani anauza plastiki kuukuu. Wewe unanunua kitu kingine kabisa.

Wa pili husema: ukimwonyesha bei ya Ulaya ataitaka yote, na sisi wa hapa hatutaweza kununua tena. Hii ni hoja ya kweli na nimeifikiria sana. Dawa yake ni kumwambia yote, si nusu. Usimwonyeshe bei ya juu kabisa tu. Kaeni mpige hesabu pamoja. Tuchukue mfano wa kubuni: bei ya katikati ni shilingi 6,000. Hii yako ina mikwaruzo, tuseme inashuka hadi 3,000. Posta, kufungasha vizuri na ada ya soko, toa 1,000. Zinabaki 2,000. Mimi nitakayetafuta mteja na kubeba hasara ikivunjika njiani, nikulipe 1,000. "Mzee, unaonaje?" Hapo hata akitaka 1,300 mnaongea kama watu. Na kama unainunua uisikilize mwenyewe, hutaiuza, mwambie hilo pia. Wazee wengi wanapenda kujua santuri inakwenda kupigwa, si kufichwa.

Wa tatu husema: wageni watakuja wazoe zote. Lakini kinachowarahisishia kuzoa ni huko kutojua. Katoni nzima ya santuri itauzwa kwa bei ya katoni, mpaka mwenyewe ajue kilichomo.

Hasara isiyoonekana

Nilisema soko litaharibika. Mtu akigundua umemfanyia hivyo, na atagundua kwa sababu mjukuu wake naye ana simu, hutafungiwa mlango tu. Utanyimwa maelezo. Na maelezo ndiyo yenye thamani.

Kitale kuna jumba la makumbusho lililotokana na mikusanyo ya Hugh Stoneham, mkoloni aliyependa viumbe, aliyeanza makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alifariki 1966, na jumba la sasa likafunguliwa 1974. Waulize watu wa fani hiyo: kipepeo bila karatasi ya kusema alishikwa wapi na lini ni pambo tu. Santuri ni vivyo hivyo. Lebo inakupa jina la bendi, la mtunzi, namba. Haikwambii nani alipiga gitaa la pili, bendi ilitumbuiza klabu gani, santuri zililetwa mjini na nani, wala kwa nini wimbo ule ulichezwa kila harusi mwaka fulani. Hayo yamo kichwani mwa mwenye duka, na hayana nakala rudufu.

Hata jina la lebo ni historia. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki wa Kenya, alikuwa na lebo iliyoitwa Sungura. Santuri zake zilifika Zimbabwe, zikapendwa, na mpaka leo Wazimbabwe wana aina nzima ya muziki inayoitwa sungura. Neno la Kiswahili lilisafiri hadi Harare likiwa limechapwa kwenye kibandiko cha katikati. Ni mambo mangapi ya namna hiyo yamelala kwenye katoni za Bungoma?

Santuri zetu nyingi hazimo Discogs kabisa. Hapo hakuna bei ya kumficha mtu, kuna kazi ya kufanya. Piga picha lebo za pande zote mbili. Andika namba zote, na majina kama yalivyoandikwa hata kama yana makosa. Muulize mwenye duka, andika alichosema, weka tarehe, na umwombe ruhusa kama unataka kutaja jina lake. Kisha ingiza. Discogs hutoa data yake bure kwa yeyote kila mwezi, kwa hiyo kesho kijana wa Kimilili anaweza kuipakua akatengeneza orodha ya santuri za nyumbani kwao.

Angalizo moja: data na picha ya lebo ni jambo moja, kupandisha wimbo wenyewe kwenye mtandao ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Daudi Kabaka alifariki 2001. Tungo zake zina ulinzi hadi mwisho wa 2051, na familia za watunzi zipo.

Kwa hiyo, mkienda:

1. Salimieni, mketi, msikimbilie katoni.
2. Onyesheni bei zote tatu na mweleze madaraja.
3. Pigeni hesabu mbele yake.
4. Mwachieni namna ya kutafuta mwenyewe. Andikeni jina la tovuti nyuma ya risiti ikibidi.
5. Ingizeni data kabla santuri haijaondoka mjini.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari tunalo siku hizi, liko mfukoni. Tatizo ni kwamba tunalisoma upande mmoja wa kaunta.

Haya, nimemaliza. Wanaobisha nawasubiri, hasa mnaonunua katoni nzima nzima. Mnajijua.