Bomba Linalosubiri Mtandao

Kila asubuhi jirani yangu, mzee wa Kigogo, hunikuta barazani nikinywa chai, naye huuliza: "Leo tena huendi kazini, mwanangu?" Nami hujibu kwamba nimo kazini, mzee wangu. Hucheka. Kwake kazi ni mahali mtu anapokwenda. Kwa muda mrefu nilimwona hajui dunia ilikofika. Sasa nakiri kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Mimi huandika programu za vifaa vidogo vyenye kompyuta ndani, vinavyopashana habari na kompyuta kubwa ya mbali kwa mtandao wa simu. Mwajiri yuko ng'ambo; mimi niko Nzuguni, Dodoma. Kimojawapo ni bomba la maji ya kulipia kabla: unagusisha kadi yenye salio, koki inafunguka, hesabu inatumwa. Ni mimi niliyeandika amri kwamba bomba lisipopata mtandao kwa saa 72, koki ijifunge. Sababu ilikuwa kuzuia kadi za kughushi. Nililijaribu juu ya meza yangu, penye umeme na mtandao, likafanya kazi barabara. Wakubwa wakanipongeza.

Oktoba moja nilikwenda msibani katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, nikalikuta bomba langu. Mnara wa simu ulikuwa umezimika zaidi ya siku tatu. Tangi lilikuwa limejaa, koki imefungwa, na kina mama walikuwa wakifukua mchanga wa korongo kavu kutafuta maji, kama bibi zao walivyofanya. Mmoja akanionyesha kadi yake. "Hela yangu imo humu, kaka. Mbona linaninyima?"

Sikumwambia ni nani aliyelikataza.

Wapo wenzangu watakaosema kosa ni la mnara. Sikubali hata kidogo. Kukatika kwa mtandao huku kwetu si ajali. Ni hali ya nchi, kama kiangazi. Tena njia ilikuwepo. Itazameni mita ya LUKU: unanunua umeme mjini, unapewa tarakimu 20, unakwenda kuziingiza hata mahali ambapo simu haishiki. Namba yenyewe imebeba kiasi ulichonunua, na mita huihakiki peke yake bila kumwuliza mtu. Waliobuni mfumo ule walifikiri juu ya mita iliyo peke yake. Sisi tulifikiri juu ya kadi za kughushi, ambazo, kwa taarifa yenu, sijapata kuiona hata moja.

Wala uwanda huu haukuanza jana kupangiwa mambo na watu wa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa mradi wao mkubwa wa karanga. Udongo uliokauka ukawa kama saruji, vyuma vya matrekta vikavunjika, mvua haikufuata ramani zao, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimepotea. Lakini wale walikuwa na udhuru wa ugeni. Mimi nimekulia hapa hapa, nimebeba ndoo kichwani, na bado niliandika kama mtu aliyezaliwa penye mito. Kufanya kazi nyumbani si kosa, na kunaniwezesha kukaa karibu na wazazi wangu. Kosa ni kukaa umbali wa safari moja ya basi kutoka kwenye bomba, usilitembelee miaka miwili.

Nimekwisha andika marekebisho: mtandao ukikatika, koki itoe maji kwa salio la kadi, na hesabu isubiri. Ni kazi ya siku nne. Wakubwa wanataka kwanza makadirio ya hasara. Nimewajibu kwamba nitawapelekea, pamoja na idadi ya madumu yaliyorudi nyumbani matupu. Hawajajibu bado, na mvua za Desemba ziko mbali.