Dhahabu ya Kilwa imo Lisbon, na sisi bado twauza mnara wa Vasco da Gama

Kuna mtaa ulio kando ya maji jijini Lisbon uitwao Belém. Ukitaka kuujua kwa haraka, fikiria Forodhani na Ngomeni vimewekwa pamoja, kisha vimwagiwe pesa nyingi sana za ukarabati. Mwaka juzi nilialikwa huko kwenye warsha ya waandishi. Siku ya mapumziko nilipanda tramu nambari 15, iliyojaa watalii pomoni, tukafuata ukingo wa mto Tejo hadi pale unapokaribia kumwagika baharini.

Hapo ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga Julai 1497. Aprili ya mwaka uliofuata alikuwa mbele ya Mombasa, na siku chache baadaye akawa Malindi. Kwa hivyo nilikwenda kama mtu anayekwenda kuiona nyumba ya jirani aliyewahi kuwavunjia babu zake mlango.

Vya kuona vipo tele. Kuna mnara wa Belém, uliojengwa kati ya 1514 na 1519 hivi kulinda mlango wa mto, mzuri kama kisanduku cha pembe. Ulifungwa Aprili 2025 kwa ukarabati, na hata hivyo watu hawakuacha kwenda kuupiga picha kwa nje. Kuna duka la vitobosha vya maziwa na mayai lililoanza mwaka 1837. Foleni yake ni ndefu kuliko ya kanisa, na mezani huwekewa mdalasini unyunyize mwenyewe. Nilinyunyiza. Huku nanyunyiza nikawaza huo mdalasini ulianza kufika mtaa ule kwa njia gani.

Lakini kikubwa ni Jerónimos, ile nyumba ya watawa. Ilianza kujengwa mwaka 1501, na sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa kwa ushuru wa biashara ya viungo na mali ya Mashariki. Mawe yamechongwa kamba, matumbawe na mafundo ya mabaharia. Nakiri kwamba nilisimama kinywa wazi, maana uzuri ni uzuri. Ukiingia tu kanisani, kuna kaburi la Vasco da Gama upande mmoja na la mshairi Camões upande wa pili. Gama alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishiwa hapo mwaka 1880, Wareno walipokuwa wanatafuta mashujaa wa kujifariji nao.

Huyo Camões anatuhusu zaidi ya tunavyojua. Utenzi wake, Os Lusíadas, ulichapishwa mwaka 1572 na hadi leo ndio fahari ya Kireno. Ndani yake Mombasa ni mji wa hila na Malindi ni mji wa wema. Mtoto wa Kireno anaweza kulisikia jina la Mombasa darasani kama jina la wasaliti kabla hajajua iko nchi gani.

Nje, ukingoni mwa maji, limesimama sanamu kubwa la jahazi la zege na mawe, na juu yake wamepangwa mabaharia, wafalme na mapadri, Prince Henrique akiwa mbele. Wageni wengi hudhani ni la kale. Sivyo. La kwanza lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1940, na hili la kudumu ni la 1960, enzi ya udikteta wa Salazar, wakati makoloni ya Afrika yalianza kumponyoka. Tena ili maonyesho yale yapate uwanja, sehemu ya mtaa wa zamani wa Belém ilibomolewa. Wenyeji walihamishwa ili historia yao ipate pa kukaa. Mtu wa Mji wa Kale atanielewa.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Asubuhi ya pili nilikwenda makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, ambayo iko kabla hujafika Belém. Kuna chombo cha ibada cha Wakatoliki, cha kuwekea mkate wao mtakatifu, chote dhahabu na rangi, na mitume 12 wamepiga magoti wakikizunguka. Kimo chake hakifiki mita moja. Kilitengenezwa na Gil Vicente kikamalizika mwaka 1506, kwa amri ya Mfalme Manuel, kisha kikaachiwa Jerónimos. Kwenye kitako chake imeandikwa waziwazi kwamba dhahabu yake ni kodi ya Kilwa.

Kilwa yetu hii. Mwaka 1502 Gama alirudi na kundi la manowari, akamlazimisha Sultan Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu la sivyo mji upigwe mizinga. Safari hiyo hiyo, karibu na pwani ya Malabar, aliichoma merikebu ya mahujaji waliokuwa wanarudi Makka, wanawake na watoto wakiwemo. Na kulipa kodi hakukuisaidia Kilwa. Machi 1505 Francisco de Almeida aliondoka Belém. Julai akaiteka Kilwa, Agosti akaichoma Mombasa.

Mimi si mtu wa kususia. Chombo kile ni cha ibada ya watu na nilikitazama kwa adabu. Wala sidai sanamu zivunjwe. Ureno yenyewe wanabishana: Aprili 2024 Rais Marcelo Rebelo de Sousa alisema nchi yake inapaswa kubeba gharama za utumwa na ukoloni, na serikali ikajibu kwamba haina mpango wowote wa malipo. Sitashika pumzi nikingoja.

Ninalouliza ni la huku kwetu. Mgeni akija Malindi tunampeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, anapiga picha na bahari, basi. Akija Ngomeni anaambiwa ngome ilianza kujengwa 1593, mchoraji alikuwa Mtaliano Cairati, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Yote sahihi. Halafu baadhi ya vijana huongeza kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwonyesha Gama njia ya India, hadithi ambayo wanahistoria wengi wameshaikataa. Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno Goa wakambatiza Jerónimo, kisha akawageukia na kuitwaa ngome mwaka 1631, hutajwa kwa sentensi moja kama hutajwa kabisa. Hata neno gereza, lililotokana na kanisa la Kireno, igreja, hatumwambii mgeni, ilhali jengo lenyewe lilikuwa jela hadi 1958 na pesa za kuligeuza makumbusho zilitoka wakfu wa Gulbenkian wa huko huko Lisbon.

Tangu Septemba 2024 Lisbon humtoza mgeni euro 4 kwa kila usiku anaolala mjini. Wanajua wanauza nini. Sisi tuna nusu ya pili ya hadithi ile ile, nusu ambayo mgeni wa Belém hakuelezwa, na tunaigawa bure kwa vipande. Makavazi ya Kitaifa na kaunti zinaweza kuanza na jambo dogo: vibao vya Kiswahili vyenye habari kamili, mafunzo ya kila mwaka kwa vijana wanaotembeza wageni, na ombi rasmi la nakala ya chombo kile, wakishirikiana na Tanzania, kiwekwe Kilwa na kingine Ngomeni. Nakala tu. Hilo halihitaji Ureno ikiri chochote.

Niliporudi nilimwonyesha picha kijana mmoja anayetembeza watu pale ngomeni. Akaikuza kwenye simu, akaitazama kwa muda, akaniambia, "Mwalimu, nitumie hiyo." Wiki mbili baadaye alinipigia. Alikuwa na familia ya Wareno, amewaonyesha, na baba mtu alisema amekiona chombo kile tangu akiwa shuleni na hakuwahi kuuliza Kilwa ni wapi. Walikaa naye saa mbili badala ya dakika arubaini, na kesho yake akawatafutia usafiri wa kwenda Gede.